Mwanamke wa Upande wa Pili

3 Februari

Mpwa wangu Sikio,

Nakusalimu mimi kwanza, maana nikisubiri wewe uniamkie nitazeeka. Huku tu wazima. Mkaza mjomba wako anadai goti limepoa, lakini akipanda ngazi namsikia anavyoguna. Paka amezaa ndani ya sanduku la kofia yangu, na nimeamriwa nisiiguse kofia mpaka watoto wafumbue macho. Kiwandani wametuletea mashine mpya ya kuchapa. Inachapa upesi na vibaya, sawasawa na vijana wanaoiendesha.

Sasa kaa vizuri. Barua ya studio yenu imefika. Wanaitoa upya Ngazi, santuri yetu, na wanaomba sisi wapenzi wake wa hapa mjini tuandike makala ya kijitabu kitakachokaa ndani ya jalada. Wanachama wa kundi letu wamenichagua mimi. Najua ni wewe uliyewanong'oneza kwamba tupo.

Unajua hasira yangu. Vijana wanne walitengeneza santuri moja tu maishani mwao, wakaweka kwenye jalada ngazi isiyo na nyumba, wakapiga wimbo mmoja ukajaza upande mzima. Wahakiki wakauliza wimbo huo utachezwa na mtu mwenye miguu mingapi. Watu wanaosikiliza kwa miguu watauliza nini kingine? Santuri ikatolewa madukani kabla haijazoeleka, bendi ikavunjika, na vitabu vya historia ya roki, ambavyo huorodhesha kila takataka yenye gitaa, vinaipa Ngazi mstari mmoja, tena wa dhihaka. Sisi tukabaki nayo. Fundi cherehani, dereva wa lori, mwalimu wa hesabu na mimi. Kila mwisho wa mwezi wanakuja chumbani kwangu, tunazima feni kwa sababu inanguruma, tunaweka kaseti yangu, tunasikiliza mwanzo hadi mwisho. Atakaye kukohoa hutoka nje.

Makala nimeshaianza, na hoja ni ile uliyoinyonya utotoni: Mwanamke. Upande wa pili, pale ngoma zinaponyamaza na kinanda kikabaki peke yake, Mwanamke anaingia. Hana maneno. Anauvumisha wimbo kwa mdomo uliofumbwa, polepole, kama mtu asiyejua kwamba anasikika. Kisha ndege analia kwa mbali mara mbili. Mwanamke anakatiza. Mlango unafungwa, halafu ngoma zinarudi kama nyumba inayoporomoka. Ngazi yote imejengwa kufikia mlango ule. Hakuna mhakiki hata mmoja aliyemtaja. Na yule muuza miwani tunayemwita Profesa bado anashikilia kwamba santuri yake, aliyoletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo, haina mwanamke, haina ndege, haina mlango. Nilimwambia kauziwa toleo lililochakachuliwa. Akasusa. Na asuse.

Wewe uko hapo hapo mkanda wa asili ulipo. Nitafutie jina la yule Mwanamke. Miaka yote hii namtetea na sijui hata anaitwa nani.

Mjomba wako, mwenye haraka


27 Februari

Mjomba, shikamoo,

Na mkaza mjomba mpe shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemfungia kwenye kifurushi kimoja na wewe. Mwambie goti alifunge kitambaa cha joto na aache ubishi. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi. Mama mwenye nyumba wangu amehamishia kuku wake chini ya dirisha langu, akasema ni wa muda. Nimemuuliza muda gani, akasema mpaka waishe. Kila asubuhi kabla ya kazi najadiliana na jogoo. Kazini tumehamishiwa chumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa sponji, na ukikaa humo kutwa unaanza kusikia damu yako mwenyewe ikitembea. Bosi anasema nitazoea. Yeye amezoea mpaka hasikii anapoitwa.

Mkanda wa Ngazi umefika. Nimeusikiliza. Ni mzuri kama tulivyojua.

Kazi ya kuusafisha bado, kwa hiyo usiikimbize makala. Halafu nina swali dogo tu la kitaalamu: ile kaseti yako uliirekodi vipi? Kwa waya kutoka kwenye mashine ya santuri, au kwa njia nyingine?

Pole na kofia.

Mpwa wako


20 Machi

Sikio,

Marahaba, ingawa umeniamkia kwa mkono wa kushoto. Watoto wa paka wamefumbua macho, wako wanne, na kofia imegeuka kitanda. Mkaza mjomba wako amefunga goti kama ulivyomwagiza. Nilimwambia hivyo hivyo mwezi mzima akaniona mpuuzi.

Umeniandikia habari nzima ya kuku na mistari miwili juu ya Ngazi. Huo si mwandiko wa binti niliyemlea. Na jina la Mwanamke hukunipa. Kama bosi wako amekukataza, sema, nimwandikie mimi mwenyewe. Nina muda na nina wino.

Kaseti niliirekodi kwa mikono yangu. Santuri ilikuwa ya mwenzangu wa kiwandani aliyekuwa anahama, akaniazima pamoja na mashine zake, Jumapili moja tu. Waya sikuwa nao. Nikaweka maikrofoni juu ya mto, mto juu ya kiti, kiti mbele ya spika. Nikafunga madirisha. Tatizo lilikuwa watoto wa jirani na mpira wao. Kwa hiyo nikaibonyeza mashine, nikatoka, nikakaa kwenye vidato vya mlango wa nje kuwakemea mpaka upande ukaisha, nikaingia kuugeuza, nikatoka tena. Nililinda santuri ile kama askari wa benki. Hakuna sauti ya mtaani iliyoingia humo. Muulize fundi cherehani, kaseti yake ameinakili kwangu, kama wenzake wote.

Makala nimeimaliza. Nimekirudia kipande cha Mwanamke, nikakirudisha tena, nikakirudisha, mpaka kidole kimeota sugu. Kila nikirudia nasikia jipya. Jana nimesikia anavuta pumzi kabla ya ndege kulia. Hebu niambie, nani kati ya wahakiki wale anajua kwamba anavuta pumzi?

Jina, Sikio. Jina.

Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba wangu, shikamoo,

Nilifurahi kusikia habari za paka. Kuku mmoja ameliwa, jogoo bado. Kikohozi kimepungua. Naandikia hapa kazini, mashine zimezimwa, ili nifikiri.

Nakuomba, acha kukirudia kile kipande. Nakuambia kama mtu wa kazi hii. Utepe wa kaseti umepakwa unga mwembamba, na sauti imo ndani ya ule unga. Kila unapoupitisha kichwani mwa mashine unabanduka kidogo. Ukirudia mahali pamoja, unapakwangua pale pale. Haukatiki siku moja ukajua umeukosa. Sauti inafifia tu, na wewe uliyeizoea ndiye wa mwisho kugundua.

Mnaweza kusikilizia kaseti ya fundi cherehani. Yako itie kwenye kasha lake, uifunge, unitumie. Nitaihamisha hapa kwenye mashine nzuri, mara moja tu, kisha nitakurudishia. Ile nakala yangu uliyonipa nilipoondoka haifai. Nimeisafisha kwa kila njia, na pale Mwanamke alipo nasikia mvumo tu, kama upepo nyuma ya pazia.

Swali jingine. Jumapili ile uliporekodi, nani mwingine alikuwa nyumbani?

Siku hizi namfikiria mama, sijui kwa nini. Nina picha yake ile moja, amefumba macho kwa sababu ya jua. Nilikuwa sijaanza kusema alipofariki, kwa hiyo sina hata neno lake moja masikioni. Mkaza mjomba aliwahi kuniambia kwamba mama hakuweza kukunja nguo bila kuvumisha wimbo. Wewe hukuwahi kuniambia chochote. Silaumu, nasema tu.

Tafadhali, usiicheze.

Mpwa wako


29 Aprili

Sikio,

Marahaba. Watoto wa paka wawili wamepata wenyewe. Paa limeanza kuvuja juu ya rafu ya vitabu, mkaza mjomba wako ameweka sufuria, na sasa nasoma kwa mdundo. Nashukuru kikohozi kimepungua.

Kaseti siitumi. Posta hii ilishanipotezea viatu, nao viatu ni vikubwa. Kaseti ya fundi cherehani imejaa mikwaruzo, ni kama kusikiliza mtu akikaanga. Na hayo mambo ya unga nimeyasikia. Kisu hakinolewi ili kikae sandukuni.

Umeuliza nani alikuwa nyumbani. Walikuwa watu wa nyumbani.

Nikupe habari usiyoipenda, maana utaisikia kwa mkaza mjomba wako hata nikinyamaza. Juma lililopita mashine yangu iliitafuna kaseti. Usishtuke. Ilikuwa upande wa kwanza, mwanzoni kabisa, utepe ukatoka kama utumbo wa kuku. Niliunyoosha kwa kijiko cha moto kilichofungwa kitambaa, palipokatika nikaunga kwa gundi ya karatasi, nikausokota kwa kalamu. Inacheza. Kuna mahali inalewa kidogo.

Kwa hiyo tumeamua kutumia mashine kubwa ya dereva wa lori, ile anayoiendesha kwa betri na kuipiga kofi ikigoma. Jumamosi ya tarehe 18 Mei nitaisoma makala mbele ya wote, na kipande cha Mwanamke tutakipiga mara tatu mfululizo. Nimemwalika Profesa. Nimemwandikia aje na santuri yake tuone nani mwongo. Amekubali, jeuri yule. Jumatatu yake makala inakuja kwenu kuchapwa.

Unanificha kitu. Nakujua tangu ulipokuwa unaficha mboga chini ya sahani. Kama kampuni imemfuta Mwanamke kwenye toleo jipya, niambie wazi, nipigane.

Mjomba wako


6 Mei

Mjomba, shikamoo,

Sina habari za kuku leo. Natumaini hamjambo.

Barua yako imefika jana. Nimepiga simu duka la chini ya nyumba yenu, muuza duka akasema ulikuwa kazini. Nikamwomba akuambie maneno matatu tu: kaseti isichezwe kabisa. Alicheka akauliza kama ni ujumbe wa siri. Sijui kama amefikisha. Hii naituma na dereva wetu wa mizigo anayepita huko, aitie mkononi mwako, maana posta itanicheleweshea na tarehe 18 haiko mbali.

Hakuna aliyemfuta Mwanamke. Kwenye mkanda wa asili hayupo. Kinanda kipo peke yake, na nyuma yake hakuna mtu, hakuna ndege, hakuna mlango. Niliposikiliza mara ya kwanza nilidhani wameniletea mkanda usio wenyewe. Nikaita mikanda yote ya kipindi kile, ya gitaa peke yake, ya ngoma peke yake, hata ile waliyoitupa. Nimeisikiliza yote. Hawakuwa na mwanamke studioni, mjomba. Santuri ya Profesa haikuchakachuliwa.

Ningeweza kukuambia tangu Februari. Kila nilipoanza nilikuona umesimama chumbani na kidole juu, unawafokea wahakiki, nikaandika habari za kuku. Ningenyamaza hata sasa, ukaichapa makala yako, na anayebisha abishe. Lakini huwezi kupiga kipande kile mara tatu kwenye mashine inayopigwa makofi.

Uliweka maikrofoni juu ya mto, ukafunga madirisha, ukatoka ukakaa nje kuzuia kelele za nje. Ndani palikuwa na mtu. Aliingia na nguo za kukunja, santuri inalia, hajui kama inarekodiwa. Ukitaka kumsikiliza, usimsikilize kwa mashine. Mkumbuke tu. Unamjua kuliko mimi.

Kama ni yeye, basi hiyo kaseti ndiyo mahali pekee duniani aliposalia akitoa sauti, na kila mwisho wa mwezi tumekuwa tukimkwangua kidogo kidogo kwa mapenzi.

Ndege sijui ni nini. Nimefikiri, sijapata.

Unisamehe kwa makala. Nakuomba unijibu upesi, hata kwa mstari mmoja. Silali vizuri.

Mpwa wako


21 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Kabla ya yote: kaseti ni nzima na haijachezwa. Pumua, halafu endelea.

Mkaza mjomba wako ndiye anayekuletea barua hii pamoja na kaseti. Amekataa katakata isipitie mikono mingine. Ameivisha soksi yangu ya sufu, soksi akaitia ndani ya sufuria, sufuria ndani ya kikapu, na kikapu hakitoki mapajani mwake. Goti lake anasema litajijua. Nimemwambia muuza duka akupigie simu umsubiri kituoni mapema, maana akifika asikuone atageuka nayo.

Sasa nikueleze. Ujumbe wa dukani niliupata. Muuza duka aliniambia mwanamke, jina hakulishika, amepiga simu akakataza kaseti isichezwe. Mimi nikaona hiyo ni njama ya Profesa, kamtuma mke wake. Nikacheka, nikapangusa mashine ya dereva kwa spiriti. Dereva wenu wa mizigo alifika Jumamosi yenyewe, watu wameshakaa, feni imeshazimwa, kaseti iko ndani na kidole changu kiko juu ya kitufe. Nilimwambia angoje. Akasema ameambiwa aone inasomwa.

Nikaisoma nimesimama. Nikaketi. Fundi cherehani akauliza kuna msiba? Nikasema hapana. Nikaitoa kaseti, nikaitia mfukoni mwa shati.

Nilimwambia Profesa aweke santuri yake. Wakadhani ni mbinu yangu. Tukasikiliza. Pale ngoma ziliponyamaza wote wakainama mbele, kama kawaida yetu. Kinanda kikaingia. Na baada yake hapakuwa na mtu. Hujawahi kuona nyuso kama zile. Mwalimu wa hesabu alitazama chini ya meza. Fundi cherehani akasema, "Mbona hapa patupu? Kaenda wapi?" Wimbo ulipoisha Profesa hakucheka, na nilikuwa nimejiandaa acheke. Alisema, "Mzee, miaka yote nilijua hayupo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemkosa."

Nikawaambia ni nani. Sikusema mengi. Aliyekuwa anamjua ni fundi cherehani tu, alimshonea nguo zamani. Akaenda kusimama dirishani akatupa mgongo.

Usiniulize kama sikuwahi kujua. Usiniulize tangu lini. Niliirekodi, halafu nikapata mashine ya kuichezea miezi mingi baadaye, na wakati huo dada yangu tulikuwa tumeshamzika. Nikasikia mwanamke anavumisha wimbo. Nikajiambia, hawa vijana wanne ni mabingwa, wamemweka mwanamke. Yaliyo chini ya hapo niachie.

Makala yangu nimeichana. Usifurahi, nimeandika nyingine, imo humu ndani, na neno moja likiguswa bosi wako atanijua. Sijarudi nyuma hata hatua. Nilisema kuna mwanamke, wakasema hakuna, na mwanamke alikuwepo. Kilichobadilika ni hoja tu. Nasema hivi: Ngazi ina mahali ambapo kinanda kimeachwa peke yake, na wahakiki wenye masikio ya kulipwa walipita hapo wakaona pengo. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na kapu la nguo, hajui bendi, hajui roki, hajawahi kuusikia wimbo ule, aliusikia mara moja akaingia ndani yake kwa sauti sahihi, mahali sahihi, kama vile alikuwa ameachiwa nafasi. Kama huo si ushahidi kwamba ni kazi kubwa, wanionyeshe wao ushahidi gani. Santuri nyingi zinataka usifu mafundi wake. Hii iliacha mlango wazi. Itoeni kama ilivyo, na kinanda peke yake. Msiongeze mtu. Wa kwetu ni wa kwetu.

Wanachama wamekubaliana kwamba mwisho wa mwezi tutasikiliza santuri ya Profesa mpaka uturudishie nakala. Profesa amerudi kundini. Amekalia kiti changu.

Ukiihamisha, mkaza mjomba wako awe chumbani, mkisikilize kipande kile pamoja. Wakati ule alikuwa ameolewa karibuni tu, na siku ile alikuwa kwao. Ataitambua ile sauti kabla yako. Ikifika pale anapovuta pumzi msiongee.

Umeuliza ndege ni nini. Mimi nilikuwa nje kwenye vidato, nawakemea watoto wa jirani na mpira wao. Nilikusikia ndani, chumba cha pili, umeamka. Ulilia mara mbili. Nilikasirika, nikasema mtoto huyu ataniharibia santuri. Nikataka kuinuka. Halafu nikasikia mlango, na ukanyamaza.

Ndege ni wewe. Mlango ule ni mama yako anakujia.

Mjomba wako